Pete ya Mtoni: Jiwe Lilinidanganya, na Mimi Je?

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Ukivishwa pete leo, mashoga zako watakuuliza nini kwanza? Si "anakupenda?" wala "mnafunga lini?" Ni "lete mkono tuone!" Mkono unageuzwa huku na huku chini ya taa kama samaki wa Feri, halafu mmoja, na huyo hakosekani, anauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Hii ni dhahabu nyeupe, au...?"

Yangu mimi ilikuwa "au". Ilikuwa ya fedha, yenye jiwe moja la buluu iliyokolea, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka upande wa pili wa meza ya mkutano. Nikaivaa kwa maringo yote miezi minne. Siku niliyoipeleka kwa sonara ipunguzwe kidogo, maana ilikuwa inanipwaya, ndipo mambo yalipoharibika. Leo nakusimulia yote, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Jioni ya Mtoni

Nilivishwa Mtoni, Unguja, mwezi wa Desemba, wiki niliyozaliwa. Kama hujafika Mtoni, ni rahisi tu: ukiwa Mji Mkongwe chukua daladala la Bububu, pita Maruhubi, na kabla hujachoka kukaa umefika. Ni kama kilomita tano. Ufukweni kuna magofu ya kasri alilojenga Seyyid Said alipokuwa anahamishia makao yake Unguja kutoka Oman, kwenye miaka ya 1820 kuelekea 1830. Ndilo kongwe kuliko majumba yote ya kifalme ya kisiwa hiki. Zimebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, matao, na mabirika ya hamamu. Mchumba wangu amezaliwa jirani na hapo. Kwao ni hatua chache tu ukishavuka barabara kuu, na mpira wa utotoni ameuchezea karibu na kuta hizo hizo.

Maji yalikuwa yametoka, mitumbwi imelala ubavu kwenye mchanga. Mnguja wangu (nitamwita hivyo, jina lake silitoi) akaanza na historia, kama kawaida yao. Akaniambia hapa ndipo alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, binti wa Sultani, aliyempenda mfanyabiashara Mjerumani kiasi cha kuacha nyumba, dini na ndugu zake. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa huko huko. "Kwa hiyo," akasema, "hapa watu wanajua kupenda." Nikayeyuka.

Nilipofika nyumbani nikasoma mwisho wa hadithi, ule ambao wanaume wa Unguja huwa hawaufikii. Mume yule alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg mwaka 1870, akamwacha Salme na watoto watatu wadogo, lugha ya ugenini na baridi. Kitabu cha maisha yake alikichapisha mwaka 1886 kwa Kijerumani. Aliruhusiwa kurudi kuiona Zanzibar mara mbili tu, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya kwao, aliokuwa ameutunza miaka yote hiyo. Haya, tuendelee, tusije tukalia kabla ya wakati.

Akatoa kikasha. "Hii ni tanzanite," akasema. "Jiwe la kwetu. Duniani kote haliko pengine. Na ni jiwe la watu wa Desemba." Alikuwa amefanya kazi yake, kaka wa watu. Kweli wafanyabiashara wa vito wa Marekani wana orodha yao ya mawe ya kila mwezi tangu mwaka 1912, na mwaka 2002 waliiongeza tanzanite kwenye Desemba. Nikanyoosha kidole.

Kwa nini fedha?

Ofisini mwetu kuna dada wa matangazo ambaye ulimi wake hauna breki. Alipoiona akasema, "Kaka anajitahidi." Neno hilo moja tu. Wanaojua Kiswahili cha mjini wanaelewa lilivyochoma.

Nami kwa siku mbili nilijiuliza. Jamani, hata dhahabu nyembamba? Mpaka nilipokwenda kwao kutambulishwa rasmi ndipo nikaelewa. Pwani hii fedha haikuwa chuma cha asiyejiweza. Kwa mwanamume Mwislamu dhahabu haivaliwi, fedha inavaliwa, na hadithi zinaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha. Ndiyo maana wazee wengi wa Unguja utawaona na pete nzito ya fedha yenye akiki nyekundu au ya kahawia. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa nayo, na mwanawe amekua akiuangalia mkono huo ukimega mkate kila asubuhi. Kwake yeye, pete ni fedha. Dhahabu ni vitu vya harusi vya kina mama.

Na historia ipo. Mafundi wa Oman, ambako familia nyingi za hapa zina ndugu, walikuwa wakiyeyusha sarafu za fedha za Maria Theresa, zile riale za zamani zilizozunguka pwani yote hii, wakatengeneza vikuku, vidani na hirizi. Siku hizi fedha nzuri ya pete hupigwa mhuri wa 925, maana yake katika kila sehemu elfu moja, 925 ni fedha tupu na zilizobaki ni metali nyingine, kwa kawaida shaba, ili pete isiwe laini ikapinda. Yangu ilikuwa na mhuri huo. Fedha ilikuwa halali kabisa.

Tatizo lilikuwa jiwe.

"Mwanangu, umeambiwa hili ni nini?"

Nilimpelekea sonara mmoja mzee, Kariakoo, anayefanyia kazi kwenye kimeza kidogo nyuma ya duka la vitambaa. Nikamwamkia, akaitikia, akaipokea pete. Akakibana jichoni kile kioo chao cha kukuzia. Akanyamaza kidogo. Akaigeuza. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga wa jua, akaigeuza tena.

"Mwanangu, umeambiwa hili ni nini?"

"Tanzanite, mzee."

"Aliyekuambia ni muuzaji, au aliyekupa?"

Swali hilo, msomaji wangu, ndilo lililoniharibia usingizi. Mzee hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kujua ameingia kwenye ugomvi wa nani. Akanipa kile kioo nichungulie mwenyewe. Ndani ya buluu ile kulikuwa na vipovu viwili vidogo vya duara, kama vya soda. Kingo za mikato zilikuwa zimeanza kulika, kwa miezi minne tu. Kisha akanionyesha kipimo rahisi kuliko vyote: tanzanite ukiigeuza mbele ya mwanga hubadilika, upande mmoja inakuwa buluu, upande mwingine inaelekea zambarau. Yangu ilikuwa buluu ile ile, popote nilipoigeuzia.

"Kioo," akasema. "Kizuri, lakini kioo." Akapunguza pete, akanitoza kidogo kuliko tulivyopatana. Nadhani alinihurumia.

Wiki tatu za ujinga wangu

Ungefanyaje? Najua, utasema ungempigia simu hapo hapo barabarani. Na mimi ningekushauri hivyo hivyo, kwa sababu kurasa za gazeti hili kila mwezi zinasema mahusiano ni mawasiliano. Ninazihariri mimi. Sikupiga.

Nilianza kumchunguza. Kama alitapeliwa, basi ni maskini ya Mungu. Lakini kama alijua? Kama aliingia dukani akasema "nipe kinachofanana, mwenyewe hatajua"? Kichwa changu kikaanza kuokota vitu vya zamani: ile siku aliyosema yuko Unguja na simu haikupatikana, ule mkoba aliosema ni ngozi. Kila kitu kikawa ushahidi. Nikiwa naye nilitabasamu, pete kidoleni. Akiondoka nafungua intaneti na kusoma habari za tanzanite mpaka saa saba usiku.

Angalau nilijifunza. Tanzanite inachimbwa Mirerani tu, wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara, kwenye eneo lenye urefu wa kama kilomita saba na upana wa kama mbili. Iligunduliwa mwaka 1967. Mzee Jumanne Ngoma alitambuliwa na serikali kuwa mgunduzi wake, na Aprili 2018 Rais Magufuli, akizindua ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa kuzunguka machimbo, alimpa shilingi milioni 100. Mzee alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Jina "tanzanite" si sisi tuliolitoa. Ni kampuni ya Tiffany ya New York, mwaka 1968, kwa kuwa jina la kitaalamu, zoisaiti ya buluu, inasemekana kwa Kiingereza lilisikika karibu mno na neno la kujiua. Nani atamvisha mchumba wake pete ya namna hiyo?

Na yule Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo aliyewashangaza watu mwaka 2020 kwa mawe mawili, moja la kilo 9.2 na jingine kilo 5.1 na ushei, yaliyonunuliwa na serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Huyo nilimsoma mara mbili, kwa wivu.

Kilichonigusa zaidi ni kingine. Tanzanite nyingi zikitoka ardhini hazina hata ile buluu. Ni za kahawia kahawia. Zinapashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi, taratibu, ndipo kahawia inaondoka na buluu inabaki. Nikakumbuka tulivyozoea kusema "jiwe la asili, halijaguswa na mtu". Limeguswa sana. Limepikwa, limekatwa, limesuguliwa. Tofauti yake na kioo changu ni kwamba lile lilianza kuwa jiwe chini ya ardhi miaka mingi kabla ya kuwapo mtu wa kulipika, na biashara nzima ya vito inajua kuwa linapikwa, haifichi. Yule aliyeuza changu alificha.

Usiku mmoja, Mnguja wangu yuko bafuni, simu yake ikawaka mezani. Nikaichukua.

Ndiyo, nikaichukua. Namba ya siri naijua, alinipa mwenyewe zamani. Nikatafuta neno "pete". Nikapata ujumbe wa miezi mitano nyuma kwenda kwa kaka yake: anaomba shilingi laki mbili za kuongezea, pete ni laki nne na nusu, atarudisha kidogo kidogo. Chini yake majibu, na chini zaidi risiti za kutuma pesa kila mwisho wa mwezi, elfu hamsini, elfu hamsini. Ya mwisho ilikuwa ya wiki ile ile.

Kwa hiyo hakujua. Alikuwa bado analipa deni la kioo.

Nikairudisha simu mezani kama ilivyokuwa. Alipotoka bafuni akaniuliza mbona nina macho mekundu. Nikasema vitunguu. Hatukuwa tumepika.

Nikasema, vibaya

Siku tatu baadaye nikamwambia. Nilichagua maneno, nikayapanga kama kichwa cha habari, halafu yakatoka hovyo. Nilimweleza habari za sonara. Akacheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaichukua pete, akaiangalia, akaniuliza, "Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unajua, unavaa, unanichekea?"

Nikataka kujitetea, nikasema nilikuwa nimeshajua kwamba si kosa lake. Akaniuliza nimejuaje. Mpenzi msomaji, hapo sikuwa na pa kutokea. Nikasema nimeona ujumbe wa kaka yake.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Kumbe ulinifanyia upelelezi," akachukua koti lake. Kesho yake akapanda boti, akaenda kwao. Siku tisa sikupata zaidi ya "nimefika salama".

Mashoga zangu walinigawia ushauri wa kila aina. Yule dada wa matangazo akasema mwanamume anayenunia ukweli ana jambo anaficha. Mwingine akasema bora nimrudishie pete yake. Mimi niliiangalia ile buluu na kwa mara ya kwanza nikakubali jambo moja: hasira yangu wiki zile tatu haikuwa juu ya jiwe. Nilikuwa naogopa dada wa matangazo alisema kweli, kwamba nimepata mtu wa "kujitahidi". Jiwe lilinipa tu kisingizio cha kumpima.

Siku ya kumi akanipigia mama yake. Mama wa Mtoni hazunguki.

"Mwanangu, mmegombana?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo hakumfanyi mtu akaacha kula pweza. Njoo Jumamosi."

Pete ya marehemu

Nikaenda. Mnguja wangu alikuja kunipokea bandarini, akabeba begi langu bila kusema neno, na kwenye daladala tukakaa kama abiria wasiojuana. Nyumbani mama alinikaribisha, akampa mwanawe pesa akanunue nazi ambazo nina hakika hazikuhitajika.

Akafungua kabati, akatoa kitambaa. Ndani yake ilikuwa pete ya marehemu: fedha imeshakuwa nyeusi kwenye michoro, akiki ya kahawia yenye mstari mweupe katikati.

"Hii ameivaa miaka thelathini na ngapi sijui," akasema. "Mimi aliniposa, akatoa mahari, tukaozwa. Pete hakunipa na wala sikumuuliza. Mambo ya pete ya uchumba mmekuja nayo nyinyi." Akaigeuza akanionyesha ufa mwembamba chini ya jiwe. "Hapa aliipasua mwenyewe, kwenye jiwe la kisima. Akanificha mwezi mzima. Kila nikiingia anauficha mkono, nikajua ana mwanamke."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe alikudanganya mwenye duka. Mwanangu umemdanganya nani?"

Nikasema, "Mimi, mama. Wiki tatu."

"Basi mwambie hilo. La duka mtakwenda wote."

Jioni tulikwenda pale pale, magofuni. Nikamwomba radhi kwa simu, kwa upelelezi, na kwa lile la "kujitahidi", ambalo hata hakujua kuwa lilisemwa. Lilimuuma, nilimwona. Naye akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: siku aliyonunua ile pete, muuzaji alipomtajia bei, moyo wake ulimwambia ni rahisi mno kwa jiwe la ukubwa ule. Akaunyamazisha. Alitaka iwe kweli. "Nilitaka upate kubwa," akasema.

Kwa muuzaji

Jumatatu asubuhi tukaingia Mji Mkongwe, vichochoroni. Duka silitaji. Muuzaji alitupokea vizuri, akaomba risiti. Tukampa. Akaisoma kwa sauti, tena kwa furaha: "Pete ya fedha, jiwe la buluu." Akaturudishia. "Ndugu zangu, fedha mmepata? Jiwe ni la buluu? Mimi nimekosa wapi?"

Mnguja wangu akamkumbusha alivyomwambia kwa mdomo. Akasema hakumbuki. Akatupa kauli nyingine ya ajabu, kwamba mawe kama hayo hupatikana pia baharini hapa hapa Unguja. Huyu mtu anaongea na mtoto wa Mtoni! Unguja ni kisiwa cha matumbawe, mchanga na udongo. Utakuta makombe mazuri, lakini vito vya namna hiyo havichimbwi hapa. Kila tanzanite unayoiona kwenye madirisha ya Mji Mkongwe imevuka bahari kutoka Bara. Tukaaga. Pesa hatukurudishiwa.

Nisiwachafue wote. Maduka mengine mawili tuliyoingia siku hiyo walitutolea mawe mezani, wakatupa kile kioo cha kukuzia tuangalie wenyewe, na mmoja alituambia wazi kwamba kwa bajeti yetu tutapata jiwe dogo tena jepesi wa rangi. Ndipo nikajua muuzaji mkweli anafananaje: anakuambia usichotaka kusikia.

Kama unakwenda kununua, nakupa niliyoyapata kwa machozi. Risiti iandikwe aina ya jiwe kwa jina lake, "tanzanite", uzito wake kwa karati (karati moja ni sehemu ya tano ya gramu), na kama limepashwa moto. Akikataa kuandika, umeshapata jibu. Ligeuze kwenye mwanga wa jua utafute zambarau. Jiwe kubwa, buluu iliyokolea, halafu bei ya kutupa? Ondoka, maana rangi nzito kwenye tanzanite ndiyo inayolipiwa. Nunua kwa mwenye leseni, na kama pesa ni nyingi, omba cheti cha maabara ya vito.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii, hata wale wakweli: tanzanite si jiwe gumu. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ina 10, yenyewe iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye 7, kwa hiyo ukiipangusa ikiwa kavu unaikwaruza. Ikigongwa vibaya inapasuka. Kwenye hereni au kidani inakaa raha mustarehe, lakini kidoleni, dada yangu, vua unapoosha vyombo, unapofua, unapobeba ndoo. Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, usiitoe kwenye joto ukaitia kwenye baridi ghafla, na akija mtu na mashine ya kusafishia kwa mvuke au kwa mitetemo mwambie asante.

La pili

Miezi miwili baadaye nilikwenda Arusha kikazi. Mnguja wangu akaomba ruhusa akanifuata. Tukanunua jiwe kwa muuzaji mwenye leseni, tumegawana bei nusu kwa nusu, kwa pesa iliyokuwepo, bila laki mbili za kaka. Lina uzito usiofika nusu karati. Ni dogo kuliko punje ya mahindi, na buluu yake ni ya asubuhi zaidi kuliko ya usiku. Lakini ukiligeuza, zambarau inakuja.

Tukarudi kwa mzee wa Kariakoo. Alimwangalia Mnguja wangu, akaniangalia mimi, akauliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa kama anayefunga faili. Tundu la pete ya zamani lilikuwa kubwa kwa jiwe jipya, na lile jiwe la kioo lilikuwa limeshikwa na makucha manne marefu. Akayakata. Akatengeneza kikombe kidogo cha fedha kinachokumbatia jiwe pande zote, mpaka limekaa chini, halitokezi. "Likigongwa, igongwe fedha kwanza," akasema. Akatupa na kile kioo, kimefungwa kwenye karatasi.

Wiki iliyofuata tuko Mtoni. Mama akanyoosha mkono, nikampa wangu. Akaisogeza pete barazani kwenye mwanga, akakunja uso, akaita miwani yake iletwe.

"Hili ndilo la kweli?"

"Ndilo, mama."

"Mbona lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi?"

Mnguja wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama akauliza liko wapi hilo la kwanza, nikalitoa kwenye pochi, na kabla halijafika mkononi mwake mjukuu wake wa miaka sita alishalichukua. Akapotelea uani. Baadaye tulimkuta amepanga duka juu ya ndoo iliyofunikwa: makombe matatu, kizibo cha soda na lile jiwe katikati, juu ya jani la mkungu. Akasema ni almasi ya Mtoni, bei shilingi mia tano.

Mnguja wangu akaingiza mkono mfukoni, akamwomba kwanza risiti.